Achari ya Wete

Chupa ilivuja mahali fulani angani.
Niliifunga mifuko mitatu, nikaiviringishia gauni la Raiyani,
lile la kuonyeshwa kwa watu,
na tulipotua Maskati, saa tisa za usiku,
sanduku lilikuja kwenye mkanda likinuka ndimu na pilipili
kama jiko la mtu asiye na haya.

Mundhiri kalala juu ya kigari cha mizigo,
mdomo wazi, kiatu kimoja.
Cha pili kimebaki chini ya kiti,
kimegeuka na ndege, kimerudi zake.
Askari wa forodha akafungua, akanusa.
Aliuliza kwa Kiarabu. Kwa uchovu nikamjibu kwa Kiswahili.
Akatazama nyuma, akashusha sauti:
"Ya ndimu? Pita, mama. Pita."

Njia ya Ibra ni ndefu na watoto wana vibofu vidogo.
Hilali, mtoto wa mama mdogo, alisimamisha gari mara nne
na mara nne alitazama pembeni kwa adabu.
Kulipopambazuka milima ikatoka, haina hata jani.
"Nani kaivua nguo?" Raiyani akauliza.
Hilali alicheka mpaka akapitiliza kona yetu.

Mlangoni alisimama mama mdogo Zuwena,
aliyeondoka Wete hajang'oka meno ya utoto.
"Njooni wanangu. Mbona mwakaa kama wageni?"
Raiyani akaniachia mkono.
"Mama," akasema, "kumbe bibi hakufa?"

Nilikuwa nimejiandaa.
Pasi, sindano, dawa ya kutapika,
biskuti za kunyamazishia, nguo za akiba.
Sauti sikuiandaa.
Hakuna aliyeniambia kuwa dada wawili
wanaweza kutengana miaka sitini
na koo likabaki moja.

Siku zikaenda hivyo hivyo, kitoto.
Bomba la baridi likatoa maji ya moto,
la moto likatoa ya moto zaidi;
Mundhiri akatangaza kwamba nyumba hii ni mwongo.
Raiyani aliomba maji kwa Kiarabu cha chuoni,
kizito, kila irabu mahali pake,
na wajukuu wa Zuwena wakaanguka kwa kicheko,
kisha wakashinda wakiliiga neno lile
mpaka likawa lao.
Kahawa ilimwagika mara mbili juu ya zulia la wageni.
Mara ya pili niliona aibu zaidi, maana nilimwaga mimi.

Usiku wa tano mama mdogo akatoa simu,
akaibonyeza kwa kidole cha shahada, taratibu,
kama mtu anayegusa uso wa aliyelala.
"Zuwena, achari ishaiva. Sijui nani atakuletea."
Ndiyo hiyo, mama yangu, mwaka juzi.
Nyuma yake nasikika mimi nakohoa,
na nyuma yangu kichanga kinalia.

Kutoka chini ya meza, Mundhiri,
mtoto asiyeitika hata ukimwita kwa peremende,
aliitika: "Labeka, bibi!"
Akatoka huko, magoti yamejaa makombo ya halua,
akasimama kumngoja aliyemwita.

Hatukumwambia kitu.
Hilali akaamka, akazima taa isiyohitaji kuzimwa, akaiwasha.
Raiyani alimwonyesha nduguye simu:
"Huyo anayelia ni wewe, mjinga."
Mundhiri akasikiliza tena, akakunja uso.
"Mimi silii hivyo."

Saa nane za usiku niliinuka kumtafutia maji ya kunywa.
Jikoni palikuwa na mwanga wa jokofu.
Mama mdogo amesimama peku mbele ya chupa,
nusu iliyosalimika,
hana mkate, hana kijiko, kidole tu.
Aliponiona hakuficha.
"Nani kaitia?"
"Mimi."
"Imezidi chumvi," akasema. "Dada hakuwa hivi."
Akachovya tena, akafumba macho.
"Na ndimu umezikata vibaya."
Akachovya tena.