Herufi ya Nne

Karakana ya baba iko Walukuba, nyuma ya kinu cha mahindi.
Kila mbao anayoilaza benchini
huichora pembetatu kwa penseli ya sikioni
ajue ipi juu, ipi chini, ipi jirani ya ipi.
Hakufundishwa na mtu. Au alifundishwa, amesahau.

Mwalimu Naigaga alikuja na vipimo vya mlango
nyuma ya karatasi ya mtihani wa hesabu:
futi saba kwa tatu, mvule, usiolia upepo ukivuma.
Akaiona ile alama, akacheka hadi akashika kiuno.
"Mzee Kagoda, kumbe unaandika Kiyunani!
Hiyo ni delta."

Baba aliijua delta moja tu,
ya redio ya polisi kwenye kibanda cha darajani:
Delta Tatu, Delta Tatu, uko wapi?
Mimi nilikuwa na yangu, ya daftari la fizikia:
tofauti ya kilichokuwa na kilichopo.

Mwalimu akaketi juu ya rundo la mabaki.
Jina hilo, alisema, Wayunani hawakulizaa, walilipokea
kwa Wafoinike, wachuuzi wa mbao za mierezi,
watu wa kazi yenu.
Nao waliita daleti,
na daleti kwao ilikuwa mlango.
Mlango basi. Wa nyumba, wa hema, wa zizi.
Wayunani wakachukua umbo, wakachukua sauti,
maana wakaiacha kizingitini
kama mgeni anavyoacha kandambili.
Binamu yake, dali, yuko chuoni kwa Maalim Fadimula,
mgongo umepinda, watoto wanamtaja kila asubuhi,
naye hakumbuki kwao.

"Kisha," akanyoosha kidole upande wa mto,
"wakafika Misri, wakakuta maji yanatawanyika kuingia baharini,
shamba lote limekaa pembe tatu.
Wakasema: delta.
Leo kila mto unaojigawa hivyo pwani, popote duniani,
Mwingereza anauita jina hilo, nasi nyuma yake.
Lakini maji ya kwanza kuitwa ni haya,
yaliyopita chini ya daraja letu
miezi mitatu kabla."

Baba, bila kuinua kichwa:
"Na sisi, pale mto unapoishia, tunapaitaje?"
Nikajibu mimi. Mlango wa mto.
Randa ikasimama.
Mwalimu akanitazama
kama mtu aliyerudishiwa chenji asiyoidai.

Juni jina likarudi redioni, si la polisi.
Walisema ugonjwa umepewa herufi
ili nchi yoyote isibebe aibu.
Delta imeingia. Shule zikafungwa, njia zikafungwa,
saa moja jioni kila mtu ndani,
na mtungi wa oksijeni ukatajwa kwa sauti ya chini, kama deni.
Mwalimu alikwenda hospitali kwa miguu yake, Jumanne.
Jumamosi walimzika watu tisa, barakoa tisa,
sisi hatukuruhusiwa.

Mlango ulibaki umeegemea ukuta, nusu umelipwa.
Wateja walikuja na pesa mkononi.
"Una mwenyewe," baba alisema,
akaufunika kwa gunia, akaendelea na viti.

Januari shule zilipofunguliwa akaja kijana wake, Isabirye,
salio amelifunga kwenye leso.
Tukausukuma kwa mkokoteni hadi Masese,
baba akagonga bawaba, akapaka vanishi,
brashi ikaizunguka ile pembetatu juu ya ukingo
pasipofika jicho.

Upepo wa ziwa ukavuma. Mlango haukulia.

Njiani kurudi baba akaniuliza salio lilikuwa shilingi ngapi.
Leso bado ilikuwa mfukoni mwangu, na fundo lake.
Sikuwa nimehesabu.