Omu Elfu Sita

Mwalimu Sekunda hakuja na malalamiko, alikuja na daftari.
Safu ya kwanza lita, ya pili kilomita,
ya tatu imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu:
lita kumi, Tabata hadi Mbagala na kurudi,
mara moja na nusu.
"Zamani kumi hizi zilinivusha juma zima.
Sasa nalinywesha kama ng'ombe wa mnadani."

Corolla ya mwaka tisini na mbili, paa limepauka,
bomba la eksozi jeusi kama sufuria ya msibani.
Nililiwasha. Harufu ya petroli mbichi
ikatoka kutusalimia kabla ya moshi.
Nikapitisha kidole: masizi makavu, laini,
ya kuandikia jina ukitaka.

Wenzangu walishapita, namba zao zimo ukurasa wa nyuma.
Wa Ilala aliuza plagi nne; wiki mbili, zikavaa kaniki.
Wa Tandika alisema pampu. Akabadili pampu.
Wa Kigogo alisema nozeli, akaziosha, akazirudisha,
kisha akasema, "Mama, hili limezeeka, uza."
Pembeni ya jina lake: tatu kwa kumi.

Mimi sikuahidi kitu.
Kila mwenye spana anajua kufungua.
Nilivuta ndoo, nikakaa, nikasikiliza.

Asubuhi halina neno. Balaa ni likishapata moto:
sailensa inapanda, inashuka,
linakohoa kwenye taa za Buguruni
na kuzimika mbele ya trafiki mwenye hasira zake.
Nikachomoa kidogo mpira wa upepo,
nikalionjesha hewa ya wizi,
likatulia.
Lingekuwa na kiu ya mafuta lingekufa palepale.
Hili limeshiba hadi puani.

Basi nani anamimina?
Nozeli ni mkono tu.
Nani anaudanganya mkono?

Nyuma ya mashine, karibu na njia ya maji,
kuna kisensa sawa na kifundo cha kidole,
plastiki yake imekuwa rangi ya chai ya rangi.
Kina kazi moja: kuuambia ubongo wa gari
kuna joto kiasi gani.
Nikaliacha lichemke hadi feni ikazunguka,
nikazima, nikachomoa waya, nikaweka mita.
Chuma kinaunguza kidole,
mita inasema omu elfu sita.
Na elfu sita, kwa lugha ya kisensa hiki,
ni maji yanayoanza kuganda.

Nilitafuta namna ya kumwambia.
"Mwalimu, gari lako linaamini kuna barafu."

Februari, saa saba mchana.
Lami inanata kwenye ndala,
mbwa kalala ndani ya mtaro mkavu, ulimi nje,
na Corolla inajikunyata,
inajiongezea mafuta juu ya mafuta
kama mgonjwa wa homa anayedai blanketi la tatu.

Mwanafunzi wangu Hemedi akadakia:
eti linakumbuka Japani, linakumbuka theluji.
Nikamwambia halikumbuki chochote.
Kisensa kimekufa, na kimekufa mdomo wazi,
kikiwa kinataja namba.

Kingine tulikipata Gerezani, kilichotumika,
elfu kumi na tano baada ya kuvutana.
Nikafunga. Nikawasha.
Moshi ukakonda, ukawa mvuke, ukawa si kitu.
Hemedi akanusa bomba, akashangaa hakupiga chafya.

Nilipotaka kukitupa kile cha zamani
Mwalimu akanyoosha kiganja.
Akaita kijana wa maji ya kandoro,
akanunua pakiti iliyoganda nusu,
akaipasua ndani ya kikombe changu, akakitumbukiza.
"Pima."

Nikapima.
Elfu sita.

"Sasa kimepata," akasema,
akafungua daftari, akatafuta kalamu nyekundu,
akakiwekea vema.