Maoni ya Mgeni

Siku za maji mafu mwamba haufunuki.
Ufito wangu wa chuma ulilala darini,
na Somoe, darasa la tano, akaninyima pumzi:
"Bibi, twende makumbusho. Mwalimu kasema ni bure."

Bure! Mimi cha bure nakijua.
Chandarua cha bure kilikuja na mpiga picha,
semina ya bure ilikuja na saini,
na soda ziliisha kabla foleni haijanifikia.
Hata hivyo nilijifunga doti mpya, ile ya msimu wa korosho,
tukavuka kutoka Msangamkuu kwa kivuko,
nauli yangu, nauli yake:
bure ikaanza kugharimu kabla hatujakanyaga mjini.

Mlangoni kijana mmoja, Chipanda,
hakutaka hela. Alitaka jina.
Daftari pana, safu nne:
Jina. Utokako. Kazi. Maoni.
"Maoni mtaandika mkitoka," akasema,
kama mganga anayejua utaumwa.

Chumba cha kwanza, mfupa wa mguu wa mjusi,
mrefu kunishinda, wa plasta.
"Mwenyewe yuko wapi?"
"Ng'ambo, bibi. Alibebwa vipande vipande vichwani mwa watu."
Nikaugusa. Chokaa ya ukutani tu.
Umeletewa kivuli cha goti,
unaambiwa: msalimie ndugu yako.

Chumba cha pili, mpingo.
Watu kumi na wanne wamebebana mabegani,
wa chini kabisa ana ufa gotini, naye anacheka.
Somoe akasoma kwa sauti ya darasani:
"Msanii hajulikani."
Hajulikani kwa nani?
Alikuwa na mke, alikuwa na deni la chumvi dukani,
kuna mtu alisimama uani akamwita kwa jina lake
aje ale ugali ungali moto.

Chumba cha tatu giza, mashine inapumua mapovu.
Changu wawili. Taa mdogo kama sahani.
Pono amelala, ndiyo sifa yake.
Na pembeni, nyuma ya kioo,
yeye.

Miaka thelathini na saba nimewaona pweza.
Sijawahi kuonwa na pweza.

Kule mwambani namjua kwa makombe mlangoni pake.
Naingiza ufito, nachokoa, anatoka
kajifunga mkononi mwangu kama anayeniaga,
nakipindua kichwa kama soksi,
kisha jiwe, mara arobaini, mpaka alainike.
Watu husema fulani kapigwa kama pweza.
Mkono wa msemo huo ni huu hapa.

Niliuweka kwenye kioo.
Akaja taratibu, akabandika vikombe vyake
upande wa pili, kimoja kimoja,
kama anayehesabu makovu yangu.
Akawa kijivu, akawa kahawia,
kisha wekundu wa doti yangu.
Somoe anaapa. Mimi siapi.

"Analala wapi?"
Chipanda akaonyesha mchanga mweupe, daraja la plastiki.
"Mwanangu, pango lake?"
Akatazama mchanga. Akanitazama mimi.
Pweza bila pango ni mtu aliyevuliwa nguo gulioni.

Tukatoka. Daftari.
"Kazi, bibi? Niandike mkulima?"
Hivyo ndivyo wanavyoniandika kila ofisi.
"Andika mchokoa pweza."
"Maoni?"
Nyuma yetu wageni walikuwa wameanza kukohoa.
"Andika: Mpeni pango.
Mtungi uliovunjika unatosha,
mdomo uwe mdogo, ndani kuwe giza."
Maneno yakajaa safu, yakamwagikia
kwenye mstari wa mgeni anayefuata.

Bamvua inarudi Alhamisi. Nitashuka, na ufito wangu,
maana unga haununuliwi kwa huruma.
Lakini uani kuna mtungi wa marehemu mama,
umepasuka shingo, haukai maji,
na asubuhi nimeukuta umesuguliwa, umeanikwa,
Somoe kakaa kando yake, kimya, kavaa viatu.

Nauli ya kivuko ni ileile.