Bolti Saba Tu

Maganga, fundi wa Chemchem, alitaka elfu themanini.
Nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyesoma,
"Wota pampu? Si bolti saba tu?"
Akapangusa mikono kwa tambara
chafu kuliko mikono yenyewe,
akasema, "Saba tu, mwalimu. Karibu."

Jumamosi, saa mbili asubuhi, uani kwangu Isevya.
Jeki ya kuazima. Matofali mawili nyuma ya matairi.
Beseni la kufulia la Nyanzala kupokea maji ya rejeta
(hajajua bado).
Bolti ya kwanza ikatoka kama jino la mtoto.
Ya pili ikamfuata mwenzake.
Nikaanza kupiga mluzi,
nikaanza kuzitumia zile elfu themanini:
mabati ya choo, viatu vya Kulwa na Doto,
au nisizifanyie lolote, nizitazame tu.

Ya tatu ikadai spana namba kumi.
Ninayo nane. Ninayo tisa. Ninayo kumi na mbili.
Ninayo kumi na tisa, sijui hata ilikuja na nini.
Kumi haipo.
Kumi haijawahi kuwepo nyumbani kwa mtu yeyote
siku anayoihitaji.
Doto akatumwa kwa kina Shija,
akarudi baada ya saa nzima na muwa mdomoni
na spana namba kumi na tatu.

Kisha wapita njia.
Mzee Kasanda wa asali akasimamisha baiskeli yake,
akainama, akachungulia.
"Hiyo ni plagi."
Nikasema ni wota pampu, mzee, maji yanavuja.
"Ndiyo," akasema, "lakini angalia na plagi."

Ya nne, ya tano, ya sita:
ngozi ya vidole viwili,
tusi moja ambalo watoto walilirudia wakicheza rede.

Ya saba imejificha nyuma ya bomba.
Huioni. Unaipapasa
kama unavyosaka kiberiti umeme ukikatika.
Nikaibembeleza. Nikaimwagia mafuta ya taa.
Nikaning'inia kwenye spana kwa uzito wangu wote,
mwili, cheo, na diploma ya ualimu.
Ikasema *tik*.
Basi. *Tik*, kwa adabu,
kichwa chake kikabaki kwenye spana,
kiwiliwili kikabaki ndani ya injini.

Sikumwambia mtu.
Nilikata gasketi kwenye boksi la chaki,
nikaipaka nta aliyoniachia Kasanda,
nikafunga pampu mpya kwa bolti sita
na maneno fulani ya dua.
Ikawaka! Watoto wakashangilia.
Dakika nne nilikuwa fundi.
Ya tano, injini ikapata joto, nta ikakumbuka kuwa ni nta,
na maji yakashuka mchangani, taratibu,
yakinukia asali.

Sasa ni usiku. Bado nimelala chini ya Korola
na tochi ya simu kati ya meno.
Naona miguu ya Nyanzala ikija, kandambili moja ya bluu, moja nyekundu.
Najua anakuja kuuliza kuhusu beseni.
Anasimama. Anavuta pumzi.
"Utakula hukohuko?"
Nasema ndiyo, maana kutoka ni kukiri.
Anasukuma sahani ya ugali na mlenda chini ya mlango wa dereva,
na maji ya kunawa katika beseni lile lile,
ameshalisugua.

Nakula chali, mlenda ukinitiririka shavuni.
Kutoka stesheni treni ya Kigoma inapiga honi,
inaanza kujivuta, behewa kwa behewa,
vyuma juu ya vyuma, kuelekea magharibi gizani.
Nasikiliza hadi inapotelea mbali.
Bolti zote zile.
Na kuna mtu, sijui nani,
alizikaza.