Mistari Sitini na Mmoja

Niliikuta ndani ya kiendeshi cha kadi ya mtandao,
mistari sitini na mmoja, na juu yake onyo:
USIGUSE. Kadi hii husema uongo kukiwa na joto.
Hakuna jina. Herufi mbili tu, na mwaka
ambao mimi nilikuwa bado nachambua viatu Kiborloni.

Mama alikata kamba ya belo, viatu vikamwagika
kwenye turubai, na kazi yangu ilikuwa hiyo tu:
cha kushoto, kitafutie mwenzake wa kulia.
Pakiti nayo huhesabiwa hivyo. Baiti mbili mbili,
jozi kwa jozi, mpaka ncha ya turubai.
Kinachofurika juu hakimwagwi, kinarudishwa chini
kijumlishwe tena. Kisha kila biti inageuzwa.
Upande wa pili nao wakijumlisha, wakageuza,
wakapata sifuri, mzigo umefika mzima.
Shuleni sifuri ilinipa viboko.
Huku ni salamu za heri.

Lakini kadi ilishahesabu. Na kiini cha mfumo
kina kihesabio chake, kifupi, kimepita macho mengi.
Katikati amesimama huyu wa tatu
kama askari wa geti anayefungua mkoba
uliokwisha kufunguliwa hatua kumi nyuma.
Mali bila daftari hupotea bila habari, sawa.
Ya daftari tatu nani aliyasema?

Nikafuta.
Si kwa ushujaa. Nilifuta, nikarudisha,
nikatoka kununua ndizi za kuchoma, nikafuta tena.
Terewaeli akapitia kazi yangu, akaandika:
"Umemtoa mlinzi. Mlinzi hatolewi
eti kwa sababu hujawahi kumwona mwizi."
Maneno mazuri. Yaliniibia usingizi.

Basi nikampima mlinzi kabla ya kumzika.
Mvua ya Aprili juu ya bati, chumba changu cha Majengo
kinanuka waya na koti bichi,
nikatuma pakiti za kila urefu:
hesabu ya zamani kushoto mwa kioo, mpya kulia.
Zikakubaliana. Zikakubaliana. Zikakubaliana,
hadi ile ya baiti mia moja na moja.

Kiatu kimoja, hakina mwenzake.
Kanuni iko wazi: kipe sifuri ya kukaa nayo,
na kibaki upande wake.
Yule wa herufi mbili alikivalisha
mguu usio wake.

Mlinzi hakuzitupa pakiti hizo. Alizitilia shaka tu,
kila yenye urefu wa witiri,
akazisukuma ndani zikahesabiwe upya,
na mashine kuukuu ikahema. Miaka tisa.
Kiwandani, kwenye mizani ya kahawa,
walisema mtandao ni mzito kwa sababu ya mvua.
Na ule uongo wa joto? Nadhani
siku aliyojaribu witiri kulikuwa na jua.

Terewaeli alisoma matokeo. Chai yangu ilipoa
ndipo likaja neno moja: Pitisha.

Sitini na mmoja imekuwa minne.
Sikumcheka. Huenda naye alikuwa na usiku wake,
kadi ngeni, bosi mlangoni, mtoto ana homa.
Onyo lake nililifuta mwisho kabisa,
nikiwa nimesimama, sijui kwa nini.

Jumatatu mvua ilishuka kiwandani tangu alfajiri.
Haikaeli aliweka gunia, akabonyeza,
na kilo zikapita kabla mkono haujafika kwenye kikombe.
Akageukia dirisha.
"Leo mvua yenyewe ndogo," akasema,
maji yakibubujika nje hadi kizingitini,
akavuta gunia lingine.