Uti Ndani ya Gunia

Nilimpiga mama picha themanini na sita
nikimzunguka na simu pale uani, Kadutu,
kabla jua halijafika kwenye mabati ya jirani.
"Tua mzigo kwanza," nikamwambia.
Akakataa. Mkanda ulishakaa kwenye paji la uso,
gunia la unga wa muhogo lilishalala mgongoni.
"Ukinichukua mtupu, utachukua mtu mwingine.
Na fanya haraka, wa Nyawera wananingoja."

Jioni umeme uliporudi, kompyuta ikamfuma:
pembetatu elfu arobaini, ngozi bila nyama,
kitenge kimeganda kama tofali bichi.
Umbo tunalo. Lakini umbo lisilo na kiunzi haliendi,
linasimama tu, nguo kwenye kamba.

Byamungu akasema tusijichoshe kupanga mfupa mmoja mmoja;
ipo programu, imesoma miili elfu kwa maelfu,
imejifunza kwa kina,
unaipa umbo, yenyewe inaotea: nyonga hapa, goti hapa,
bega, kiwiko, kifundo.
Tukaipa. Ikafikiri sekunde tisa.

Sekunde tisa, na ikauweka uti wa mgongo
ndani ya gunia.

Ulinyooka humo, pingili kwa pingili, katikati ya unga,
shingo ikaota pale mdomo ulipofungwa kwa kamba ya mgomba,
na mama, mama mwenyewe, ikamhesabu kuwa tumbo.
Nikabonyeza kitufe cha kutembea.
Gunia likaenda. Likaringa,
naye akaning'inia mbele yake kama aproni.

Byamungu alicheka mpaka akashika meza.
Kisha akaacha, na hakuna aliyemwambia aache.

Siilaumu. Miili iliyosomeshwa ilisimama wima,
mikono imetanuliwa kama ya mtu anayepimwa koti,
haikubeba hata yai.
Imejifunza kwa kina, sawa,
ila kina cha beseni, si cha Kivu.
Na redioni si wanasema kila Machi
kwamba wanawake hawa ni uti wa mgongo wa Bukavu?
Hakuna aliyesema uti huo umepinda wapi.

Usiku nikamwomba nimguse mgongo.
Akadhani natafuta jipu.
Nikahesabu kwa kidole juu ya blauzi: ya saba imetokeza,
ya kumi na mbili imezama, halafu mkunjo
ambao hakuna kitabu nilichokiona kimeuchora.
Kwenye paji pana bonde; kidole changu kikalala humo chote.
"Hapo ni karo yako ya sekondari," alisema.
"Ya msingi iko huku." Akashika kisogo.

Nikafuta uti wa mashine. Nikaupanda upya kwa mkono,
nikaongeza kiungo kisichokuwa na jina kwenye orodha yake,
mfupa mmoja kutoka paji hadi gunia,
maana mzigo haukai mgongoni, unavutwa na kichwa;
kichwa kikiinuka ghafla, kila kitu chini.

Byamungu anasema tuifundishe: miili mia tatu, mizigo yote,
makaa, mchanga, ndizi, matofali.
Alfajiri tukashuka Bichi Muhanzi na simu mbili.
Nsimire wa mchanga akatuuliza bei.
Tukamtajia. Akatutazama kama watu waliopoteza ufunguo.
"Na huyo mtakayempa mifupa yangu," akasema,
"jioni atatua wapi?"
Hatukuwa na jibu. Tukaongeza faranga mia tano.

Saa nne usiku mama wa kwenye skrini alianza kupanda kuelekea Funu,
polepole, goti la kushoto likisita kama lisitavyo,
fremu ya mia mbili na kumi, na kumi na moja,
umeme ukakatika.

Betri ya Byamungu ilikufa tangu jana.
Mguu mmoja umebaki hewani.
Chumba cha pili namsikia akijigeuza kitandani,
akitafuta ubavu usiouma.
Kesho nitashughulikia kisigino.