Saini Haifanani

Bahasha ya kaki, kona zimelainika kama sikio la mbuzi.
Nailaza chini ya godoro, upande wa ukutani,
mvua ya Machi isije ikazisoma karatasi kabla ya bima.

Ndani mna fomu ya polisi, namba tatu,
ile ambayo bila hiyo daktari alishika kalamu, akaiweka chini.
Mama yuko juu ya kitanda cha magurudumu, kiwiko kimeangalia nyuma,
vumbi la Kiboriloni bado limo kwenye nyusi zake,
na mimi nakimbilia kituoni
kumwombea mama yangu kibali cha kuumia.

Mna picha ya mionzi. Nikiinyanyua dirishani asubuhi
Kibo inatokeza katikati ya mfupa,
theluji kidogo juu ya palipovunjika,
na sahani moja ya chuma, skrubu sita.
Nimezihesabu mara nyingi kuliko ndugu zangu.

Mna risiti. Plasta, sindano, bodaboda ya kwenda, bodaboda ya kurudi.
Ya bodaboda niliiandika mwenyewe, kijana akacheka:
"Dada, mimi tangu lini nikatoa risiti?"
Kisha akatia jina lake, TEREWAELI, kwa herufi kubwa,
akapuliza wino ukauke.

Wakili Lyaruu alisema: kisicho na karatasi hakikutokea.
Nunua daftari, muandike maumivu kila siku.
Mama akaguna.
"Maumivu nayajua kwa jina. Ya nini kuyaandikisha shule?"
Lakini jioni, ndizi zikitokota, akaanza kunisomea:

*Jumanne. Kanga imenishinda kufunga. Jirani kanifunga, kama maiti.*
*Alhamisi. Sokoni Mbuyuni nimerudisha chenji kwa mkono wa kushoto,*
*nimeomba radhi mara thelathini na moja.*
*Jumamosi. Haukuuma. Andika hivyo hivyo, tusimwibie mtu.*
*Jumapili. Umeuma wa Jumamosi wote, na wa kwake.*

Daktari wa tathmini alimwambia kunja, kunjua,
akapima pembe ya kiwiko kama seremala apimaye mlango,
akaandika: asilimia kumi na mbili.
Nikauliza, kumi na mbili ya mkono, au ya mtu?
"Ya mtu," akasema, akaita mwingine.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa naitafuta,
hiyo kumi na mbili, ilikaa sehemu gani ya Mama.
Kwenye kisu kilichomenya mkungu kabla jogoo hajawika?
Kwenye njia za nywele zangu,
zilizonyooka kama barabara ya Himo?
Au kwenye konzi. Nimeukosa hata ule ukonzi.

Mwezi wa nane wakatuita. Dirisha namba nne.
Binti wa dirishani hakuwa mbaya, alikuwa na macho ya kukesha.
Akaitazama fomu, akakitazama kitambulisho.
"Saini haifanani."

Kwenye kadi, Kaanaeli wa zamani,
mkia wa herufi ya mwisho umejizungusha kwa maringo.
Kwenye fomu, mistari minne imeanguka,
kila mmoja na upande wake,
kama watu waliorushwa na lori.

"Mama aweke ile ya kawaida. Au alete barua,
kwamba mkono wake una shida."

Niliishika bahasha.
Kurasa arobaini na tatu.

Mama alicheka. Kicheko hakikuwa kimevunjika.
Akaupandisha mkono kwenye kaunta, ule wenyewe,
polepole, kama mtu anayetua mkungu,
akauacha pale, karibu na kidau cha muhuri.

"Saini ndiyo hii, mwanangu," alisema. "Gonga."